Sesheni, Kuki na Kilo 62 za Bibi wa Watu

Najua nimepotea. Wengine mmenitumia meseji kuuliza kama nimedisco kimyakimya. Mwe! Sijadisco, nipo hai, nimerudi hosteli juzi na mgongo unauma kwa basi, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna ambacho ruumeti wangu ameshamaliza nusu bila kuomba. Hiyo kahawa ina historia yake, nitaifikia.

Likizo nzima sikuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaijua: kule kwetu Kyerwa mtandao una sehemu zake, na ukisogea kuelekea Murongo simu inakukaribisha Uganda bila wewe kuvuka mto. Ya pili ni aibu. Nilifanya kosa, si dogo, na lilimgusa mtu asiyestahili. Leo nimeamua kulitoa. Wa kompyuta mtaelewa haraka. Nyie wa sheria na elimu vumilieni, nitajitahidi kuongea kibinadamu.

Kwa msiopajua kwetu: Kyerwa ni wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mkoa wa Kagera, huko juu kabisa kaskazini magharibi. Ukitoka Dar unapita Biharamulo, Muleba, Kyaka, unapanda Kayanga, unafika Omurushaka, halafu Nkwenda, na mimi hapo bado sijafika nyumbani, teh teh. Ni migomba na kahawa, kahawa na migomba. Kahawa yetu nyingi ni robusta. Mavuno yanaanza kuchanganya Mei, watu wanachuma, wanaanika, na wanaiuza ikiwa kavu na maganda yake.

Baba yangu ni karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kijijini kwetu (jina nalihifadhi, kosa ni langu si la chama). Tangu 2018 serikali ilipoelekeza kahawa ipitie ushirika, kazi ya karani imekuwa nzito. Mkulima analeta gunia, linapimwa, kilo zinaandikwa kwenye daftari, anapewa stakabadhi, anaenda nyumbani kusubiri hela. Ile stakabadhi ndiyo kila kitu. Kahawa umeshaiacha ghalani, hela hujaiona, mkononi una karatasi tu.

Na kuna kitu kinaitwa butura. Ni pale mtu mwenye shida anapouza kahawa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya kutupwa, kwa sababu mnunuzi anatoa hela papo hapo. Imekatazwa miaka yote, na miaka yote ipo. Dawa yake ni moja tu: mkulima aamini kwamba akisubiri na kupeleka kahawa yake chamani, kilo zake hazitapotea. Shikeni hiyo.

Basi bwana. Nimetoka kumaliza mwaka wa pili, tumesoma programu za wavuti, nimepata A, kichwa kimevimba kama andazi. Nikamwambia baba, "Baba, nyie bado mnaandika kwa mkono? Nitawatengenezea mfumo." Baba akaniangalia, akasema, "Tengeneza. Ila karatasi yangu siiachi mpaka nione." Nilicheka moyoni. Wazee bwana!

Nikatengeneza. Laptopu yangu ndiyo seva, imekaa juu ya meza ghalani. Ruta ndogo pembeni, simu za makarani zinaunganishwa nayo, hakuna haja ya bando. Programu nimeiandika kwa Python nikitumia Flask. Makarani walikuwa wawili: baba mizani ya kwanza, binamu yangu mizani ya pili. Kila mmoja anaingia kwa jina lake na neno lake la siri. Ukurasa wa kwanza unachagua mkulima, wa pili unaandika kilo, wa tatu unakwambia zimepokelewa. Safi kabisa.

Sasa hapa ndipo penye somo. HTTP, ile njia ambayo simu na seva huongea, haina kumbukumbu. Kila ombi linafika kama mgeni mpya. Fikiria dirisha ambalo karani wake anasahau kila kitu mteja akigeuka tu. Unamwambia jina, anakwambia "sawa". Unamwambia kilo 62, anauliza, "Wewe nani?" Si ukorofi, ndivyo ilivyoundwa, na kwa kurasa za kusoma tu inatosha. Ila ukitaka kazi ya hatua mbili au tatu, lazima mtu akumbuke kilichotokea hatua iliyopita.

Ufumbuzi ulipatikana 1994. Lou Montulli, aliyekuwa Netscape, alibuni kuki. Seva ikikujibu mara ya kwanza inakupa kikaratasi kidogo. Wewe kila ukirudi unakionyesha, na seva inasema, "Aah, kumbe ni wewe." Ndiyo sababu ukishaingia kwenye barua pepe yako huulizwi neno la siri kila ukibonyeza kitu. Brauza inakitunza kikaratasi bila wewe kujua.

Lakini programu unayoiandika mwenyewe si brauza. Hilo nilijifunza siku ya kwanza. Nilitaka kujaribu mfumo wangu bila kubonyezabonyeza simu, nikaandika programu nyingine ndogo ya kujifanya karani. Nikatumia requests, ile maktaba aliyoianzisha Kenneth Reitz mwaka 2011. Nikatuma jina na neno la siri, jibu 200. Nikaomba ukurasa wa leja, jibu 200. Nikashangilia peke yangu ghalani! Kuja kuusoma ukurasa wenyewe, ni ule ule wa kuomba neno la siri. Kumbe seva ilikuwa hainijui, inanirudisha mlangoni, requests inafuata kimya kimya, na mlango nao unajibu 200 kwa adabu zote. Wadau, 200 maana yake umejibiwa. Haimaanishi umejibiwa ulichouliza.

Sababu ni kwamba ukitumia requests.get hivi hivi, ndani yake inafungua sesheni, inatuma, inaifunga papo hapo. Kuki uliyopewa inatupwa. Ombi linalofuata ni mtu mwingine kabisa. Dawa yake ni mistari mitatu:

s = requests.Session()
s.post(lango, data=siri)
s.get(leja)

Hiyo s ndiyo mfuko wako. Kuki ikija inaingia mfukoni, na ombi linalofuata linaondoka nayo. Tena inaweza kutumia muunganisho ule ule badala ya kufungua mpya kila mara, kwa hiyo inaenda haraka zaidi. Zamani, kabla ya requests, watu waliunga kuki na urllib kwa mikono. Sisi tumekuta mtelezo.

Basi nikarekebisha, nikajaribu mfumo mzima. Ingia, chagua mkulima, andika kilo, soma leja. Mara hamsini, zote sahihi. Nikamwambia baba tuko tayari.

Sasa nisikilizeni dhambi yangu. Karani aliyeingia nilimtunza vizuri, kwenye session ya Flask, kama mwalimu alivyofundisha. Lakini mkulima aliyechaguliwa? Nilikuwa na haraka. Nikaandika juu kabisa ya programu, nje ya fanksheni zote, kigeu kimoja cha jumla: mkulima_wa_sasa. Karani akichagua mtu, namba inaingia humo. Akiandika kilo, zinaenda kwa aliyemo humo. Ilifanya kazi. Mara hamsini ilifanya kazi! Ila majaribio yangu yote yalikuwa ya karani mmoja, Session moja, mwendo wa mstari. Sikuwahi kujaribu wawili kwa pamoja.

Siku kumi za mwanzo watu walikuwa wachache na ni baba tu aliyepima. Siku ya kumi na moja foleni ilifika barabarani. Mizani zote mbili zikafunguliwa. Nikamwambia binamu aachane na daftari, stakabadhi zake nitazichapa jioni kutoka kwenye kompyuta. Baba naye nilimwambia hivyo hivyo. Hakunijibu, akaendelea kuandika karatasi zake.

Akaja bibi mmoja jirani yetu, mjane, na gunia moja na kiroba kimoja. Yupo mizani ya pili. Binamu akamchagua kwenye simu. Wakati anasubiri mizani itulie, baba kule mizani ya kwanza akamchagua kijana mwenye kilo 118. Mkulima_wa_sasa akageuka, akawa kijana. Binamu akaandika 62. Zikaenda kwa kijana. Baba akaandika 118. Zikaenda kwa kijana, sawa kabisa. Kijana kilo 180, bibi sifuri.

Na mimi kwa uvivu ukurasa wa mwisho sikuweka jina. Uliandika tu "Asante, kilo 62 zimepokelewa". Binamu angejuaje?

Jioni nikafanya hesabu. Jumla ya kompyuta na jumla ya ghala: sawasawa, hata kilo moja haijapungua. Nikatembea kifua mbele. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba jumla inaweza kuwa sahihi na kila mtu ndani yake ameibiwa.

Bibi akaja giza linaingia kuchukua stakabadhi yake. Nikatafuta. "Shikamoo bibi. Mbona jina lako leo halipo?"

"Marahaba. Halipo vipi?"

"Kompyuta inaonyesha hujaleta kahawa."

Hakupiga kelele. Alinyamaza kidogo akasema, "Mjukuu wangu, basi kahawa yangu imetembea yenyewe?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Baadaye mama aliniambia kwamba mwezi wa tatu mtu wa butura alipita kwa yule bibi na hela mkononi, bibi akamkatalia. Alisema atasubiri chama, kwa sababu hela ya msimu ndiyo ada ya mjukuu wake. Yaani alifanya kile tunachowahubiria wakulima kila mwaka, na zawadi yake ikawa mimi.

Baba hakunigombeza. Alimwambia, "Waitu, kaa kwanza," akampa kigoda. Halafu akaniuliza swali moja: "Gunia lake liko wapi?"

Tukaingia ghalani na tochi. Bahati nzuri kahawa ya siku ile ilikuwa haijamwagwa kwenye magunia ya chama. Na bibi, kama wengi wa umri wake, huandika namba yake ya uanachama kwenye gunia kwa makaa. Mjukuu wake ndiye humwandikia. Tukaliona gunia, tukakiona na kiroba. Tukapima upya mbele yake: 62. Baba akaandika stakabadhi kwa mkono, akagonga muhuri. Bibi akaikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kanga, akaondoka.

Sisi tuliobaki hatukulala. Daftari la baba likatuokoa upande wa mizani ya kwanza. Mizani ya pili tulipitia gunia kwa gunia. Tulikuta watu saba kilo zao zimehamia kwa wengine. Kijana wa kilo 180 tulimfuata asubuhi, naye akacheka akasema alishangaa mwenyewe, alidhani ndiyo maendeleo.

Usiku ule, karibu saa tisa, nikaandika jaribio ambalo ningepaswa kuliandika siku ya kwanza. Nikafungua sesheni mbili, moja nikaiita baba, nyingine binamu. Kila moja mfuko wake, kuki yake. Binamu anachagua bibi. Baba anachagua kijana. Binamu anatuma 62. Nikasoma leja: kijana. Mara ya kwanza tu! Kosa lililojificha siku kumi lilitoka kwa mistari isiyofika kumi, kwa sababu safari hii niliwaweka watu wawili kwenye foleni.

Marekebisho ya kwanza yalikuwa kukitoa kile kigeu cha jumla na kumweka mkulima kwenye session ya kila karani. Jaribio likapita. Lakini nikalala nikiwaza gunia la bibi. Ghala halikukumbuka chochote. Baba hakukumbuka, binamu hakukumbuka. Gunia ndilo lilikuwa na namba, na popote lilipokwenda namba ilikwenda nalo.

Na kweli, session nayo ina mtego. Karani akifungua kurasa mbili kwenye simu moja, kuki ni ile ile, kwa hiyo session ni moja. Achague bibi huku, achague kijana kule, arudi huku aandike kilo, tumerudi kule kule. Asubuhi nikabadilisha tena. Namba ya mkulima sasa inasafiri ndani ya fomu ya kilo, ombi moja, pamoja, kama makaa kwenye gunia. Session nikaiachia kazi yake halali: kukumbuka karani ni nani. Na ukurasa wa mwisho unasema jina kwa herufi kubwa, karani analisoma kwa sauti, mkulima anaitikia.

Kwa wanaosoma hii kwa ajili ya project, mambo mawili zaidi niliyoyalipia kwa jasho. Session ya Flask kwa kawaida haikai kwenye seva. Inakaa ndani ya kuki yenyewe, imetiwa sahihi kwa ufunguo wa siri. Ni kama stakabadhi yenye muhuri: yeyote anaweza kuisoma, ila akibadilisha tarakimu muhuri unamuumbua. Kwa hiyo usiweke siri humo. Django yenyewe kwa kawaida huweka leja kwenye hifadhidata na kukupa namba tu, na kuki yake usipoibadilisha huishi wiki mbili. La pili, ufunguo wa siri uwe mmoja na uhifadhiwe. Mimi nilikuwa napika mpya kila programu inapowaka. Umeme ukakatika, laptopu ikazima, ilipowaka mihuri yote ya zamani ikawa batili na makarani wote wakarudishwa mlangoni katikati ya foleni. Du!

Mmeniuliza kama mfumo bado unatumika. Ndiyo, kwa jioni tu, kujumlisha. Mchana ni daftari na karatasi, na baba ndiye aliyeamua. Sikubishana. Alisema msimu mwingine tutaona, na mimi nimeona ni haki yake. Zamani nilifikiri wazee wanang'ang'ania karatasi kwa sababu hawaelewi kompyuta. Baba anaelewa. Anachojua zaidi yangu ni nani anayeumia ikisahau.

Siku moja kabla sijaondoka nilienda kumuaga bibi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa hotuba ndefu. Akanikaribisha, akanipa kahawa ya kutafuna kama anavyompa mgeni yeyote, nyingine akanifungia ya safari. Nikasema, "Bibi, nisamehe kwa ile siku." Akasema, "Ulirudi na tochi." Basi, hakuongeza. Akaanza kuniuliza Dar kuna baridi gani.

Ndiyo hiyo kahawa ruumeti anaitafuna hapa pembeni huku akisema ni chungu. Nimemwambia asome kwanza hii habari ndipo aongeze nyingine.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Wenye project za wavuti, kabla ya kumwonyesha mwalimu fungueni Session mbili, zigombane. Nami naanza kusoma, UE haina huruma. Tuko pamoja!